Kiraka wa Bloomington: mtoto akitolewa kwenye ukwotabeki, ameshushwa au amepandishwa?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Indianapolis, familia yao imetokea Kongo. Kwa kifupi anasema hivi: mwanangu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, ni kwotabeki wa timu ya pili. Kocha anataka kumhamishia kwenye urisiva, anasema mtoto ni mwepesi na anajua vitu vingi, alafu akamwambia nenda katafute habari za Antwaan Randle El uone. Mtoto amerudi nyumbani analia, anasema wamemshusha. Mimi huo mpira siujui, huyo Randle El ni nani, na mwanangu ameshushwa kweli?

Dada yangu, pole kwa hayo machozi, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujampigia kocha simu. Nitakujibu kwa urefu maana huyo mtu aliyetajwa nilimwona kwa macho yangu akicheza, nilikua mwanafunzi Bloomington miaka hiyo, na baada ya hapo nimekaa miaka mingi nasaidia kufundisha vijana mchezo huu, kwaiyo swali lako limenigusa sehemu mbili kwa pamoja.

Tuanze na kwotabeki ni nani, ili uelewe mtoto analia nini. Kwenye huu mchezo kila shambulizi linaanza mpira ukiwa chini, mtu wa katikati anaupitisha katikati ya miguu yake kwenda nyuma, na anayeupokea ndo kwotabeki. Kuanzia hapo ana kama sekunde tatu hivi, anaamua arushe, ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe, na huku kuna majitu ya kilo 130 yanakuja kumvunja. Yeye ndo anaita mbinu, yeye ndo anasomewa jina kwenye redio, timu ikishinda ni yeye, ikifungwa ni yeye pia. Risiva ni yule wa pembeni anayetimua mbio mbele kwenda kuudaka mpira uliorushwa. Ni kazi ya heshima, ina hela ikifika ngazi za juu, ila risiva anasubiri kuletewa. Kwotabeki ndo mwenye kugawa. Sasa mtoto wa miaka 16 ambaye alikua anagawa, ukamwambia kuanzia Jumatatu utakua unasubiri kugawiwa, hata kama una sababu nzuri lazima aumie.

Kwetu Tanzania kwenye soka tuna neno kiraka, mchezaji unayeweza kumbandika popote palipotoboka. Erasto Nyoni alikua hivyo Simba na Taifa Stars, leo beki wa kulia, kesho wa kati, keshokutwa kiungo, na watu walimheshimu. Ila ukiliangalia neno lenyewe utaona tatizo lilipo, kiraka kinaenda pale nguo ilipochanika, chenyewe hakichagui. Ndo maisha ya Randle El hayo kwa neno moja, na ndo maana nadhani kocha wa mwanao amemtaja mtu sahihi hata kama yeye mwenyewe hajaifikiria stori yote.

Antwaan Randle El alizaliwa 1979, kwao ni Riverdale, kusini kidogo mwa Chicago, akasoma sekondari ya Thornton pale Harvey, shule inayojulikana kwa kutoa wanamichezo. Alikua anacheza futiboli, basketi na besiboli, na sio kucheza tu kwa kujifurahisha, mwaka 1997 timu ya besiboli ya Chicago Cubs ilimchagua raundi ya 14 kwenye drafti yao, ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, yaani mtoto katoka shule tu na timu ya mjini kwao inamtaka. Akaiacha. Akaja chuo cha Indiana, Bloomington, mwendo wa saa moja tu kutoka hapo ulipo wewe, na hapo akawa kwotabeki wa futiboli kuanzia msimu wa 1998, alafu akaingia pia timu ya basketi chini ya kocha maarufu Bob Knight kwa mechi chache, na besiboli ya chuo akaigusa. Kwa mtu asiyejua Indiana, kuingia kwenye timu ya Knight wakati ule hata kama unakaa benchi ni kitu kikubwa, maana Bloomington ni mji wa basketi kabisa kabisa, futiboli ilikua kama mtoto wa kambo.

Na mimi ndo nilimkuta hapo. Nilikua sijui hata pointi zinahesabiwaje, jamaa wa bwenini alinipeleka Memorial Stadium kwa sababu tiketi ya mwanafunzi ilikua rahisi na viti vya juu vilikua vitupu. Nikaona jezi nyekundu namba 11, kijana mfupi kuliko karibu kila mtu anayemzunguka, sentimita kama 178 hivi, na nikadhani ndo mtoto wa kuwaletea maji mpaka mpira ulipoanza.

Naomba nikuelezee kitu kimoja alichokua anafanya, maana ukikielewa hiki mengine yote utayaelewa. Wanaita opsheni. Anapokea mpira, mkimbiaji wake anapita mbele yake, na yeye anausokomeza mpira kwenye tumbo la yule mkimbiaji, ila hauachii. Wanatembea nao hatua moja, mbili, mpira uko kwenye mikono ya watu wawili, na muda wote huo macho ya Randle El hayapo kwenye mpira wala kwa mkimbiaji, yako kwenye mabega ya mlinzi mmoja tu, yule wa pembeni kabisa. Yule mlinzi akiinama kumfuata mkimbiaji, Randle El anauchomoa mpira taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye oveni, na huyo anazunguka nje peke yake. Mlinzi akibaki amesimama, anauachia, mkimbiaji anapita katikati. Mlinzi akiamua vyovyote amekosea. Alafu kibaya zaidi kwa wapinzani, akishatoka nje na wote wakaanza kumkimbilia, anasimama ghafla na kurusha mpira mbali, maana mkono nao alikua nao. Nilikua nimekaa juu kabisa na hata mimi nilikua sijui mpira uko wapi, namwona jamaa yangu kaninyooshea kidole upande mwingine wa uwanja.

Kwaiyo watu wanaposema alikua mwepesi mimi huwa inaniuma kidogo, wepesi alikua nao ndio, lakini kilichokua kinaua ni kusoma. Alikua anasoma mtu mmoja katika nusu sekunde na kuamua, na hiyo ni kazi ya kwotabeki asilimia mia, ni kazi ya kichwa. Mwambie mwanao hiyo.

Sasa hesabu. Miaka minne, 1998 mpaka 2001, alirusha yadi 7,469 na kukimbia yadi 3,895, jumla 11,364, na alipomaliza alikua wa tano katika historia yote ya daraja la juu la futiboli ya vyuo kwa jumla ya yadi. Alikua wa kwanza kufikisha yadi 2,500 kila mwaka kwa miaka yote minne, na wa kwanza kuvuka tachidauni 40 za kurusha na 40 za kukimbia, tachidauni ndo lile bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa adui. Na hakuna kwotabeki yeyote kabla yake aliyekua amekimbia yadi nyingi kama zake kwenye daraja hilo. Hebu fikiria, na alikua anayafanya hayo kwenye ligi ya Big Ten, dhidi ya Michigan, Ohio State, Penn State, watu ambao wanachagua wachezaji kama unavyochagua nyanya sokoni na Indiana wanabakiziwa chini ya tenga.

Maana timu yenyewe ilikua dhaifu, lazima niseme. 1998 walishinda 4 wakafungwa 7, 1999 hivyohivyo 4 na 7, 2000 wakashinda 3 tu wakafungwa 8, 2001 wakashinda 5 wakafungwa 6. Jumla ushindi 16, vipigo 28. Hakucheza hata mechi moja ya bakuli, zile mechi za heshima za mwisho wa msimu. Tatizo kubwa lilikua ulinzi, yaani unaona anafunga, unashangilia, unaenda kununua hotidogi, unarudi wameshasawazisha. Na muda huohuo, hapohapo Indiana, chuo cha Purdue kilikua na Drew Brees, naye wakisema mfupi, ila Brees alikua na timu na alicheza Rose Bowl, moja ya hizo bakuli kubwa, na maskauti, wale wanaotafuta wachezaji, waliweza kumwona akishinda. Mimi naamini kabisa kwamba Randle El angevaa jezi ya timu yenye ulinzi wa kawaida tu, tungekua tunamzungumzia tofauti. Kwotabeki anahukumiwa kwa matokeo ya watu 11 wa ulinzi wa timu yake, ambao ni kikosi kingine kabisa na hata hakai nao kwenye mazoezi.

Sasa sikiliza hii, maana inamhusu mwanao moja kwa moja. Msimu wake wa mwisho, 2001, kocha Cam Cameron aliamua kumhamisha. Kwotabeki mwenye rekodi zote hizo, mwaka wa mwisho, anaambiwa kaanze kama risiva, kijana mwingine arushe. Sababu zilikua za kueleweka, watu walishaanza kusema kwenye NFL, yaani ligi kuu ya kulipwa, atakua risiva kwaiyo azoee mapema, na kocha alitaka watu wawili wenye vipaji wawe uwanjani kwa pamoja. Ikachezwa mechi ya kwanza, ugenini kwa North Carolina State, wakafungwa. Mechi moja tu. Baada ya hapo alirudishwa nyuma ya mtu wa katikati na hakutoka tena. Unajua kwanini? Kwa sababu ukimweka mgawaji bora pembeni asubiri kugawiwa, umepata risiva mzuri na umepoteza kwotabeki mzuri sana, hesabu haijumliki. Na Oktoba ya mwaka huohuo wakaenda Madison kwa Wisconsin wakawapiga 63 kwa 32, mkimbiaji Levron Williams alifunga tachidauni 6, mchana ule tulikua tunasikiliza redioni bwenini na jirani alikuja kugonga ukuta akidhani tunapigana. Nafasi nyingi za Williams zilitokana na walinzi kumwogopa yule wa namba 11, wanabaki wamesimama wakijiuliza mpira anao nani.

Mechi ninayoikumbuka zaidi sio hiyo lakini. Ni ya Purdue, Novemba 24, 2001, nyumbani. Hizi timu mbili zinagombea ndoo ya zamani ya mbao, ndoo ya kisima, tangu 1925, na kila mwaka mshindi anaongeza herufi moja ya shaba kwenye mnyororo wake, I ya Indiana au P ya Purdue. Indiana ilikua haijaishika tangu 1996, Randle El alikua ameikosa miaka yake yote mitatu, na mwaka mmoja kabla Brees aliwapiga 41 kwa 13 akaenda zake Rose Bowl. Safari hii ilikua mechi ya kubanana, haina uzuri wowote, 13 kwa 7, Indiana wakashinda. Watu wakamwagika uwanjani. Mimi vidole vilikua vimekufa ganzi kwa baridi, kwetu Tanga hatuna hiyo kitu, ila nilibaki mpaka nikaiona ile ndoo ikipita juu ya vichwa vya watu.

Mwisho wa msimu akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Big Ten, ile ya gazeti la Chicago Tribune, wakati timu yake ina vipigo vingi kuliko ushindi, kitu ambacho hakitokei hovyo. Kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, akawa wa sita, akachukua Eric Crouch wa Nebraska, naye kwotabeki wa kukimbia. Kocha Cameron akafukuzwa.

Alafu ikaja drafti ya 2002. Pittsburgh Steelers, timu ya NFL, wakamchukua raundi ya pili, namba 62, kama risiva.

Hapa naomba nisimame, maana mtoto wako analilia kitu ambacho kina historia ndefu na sitaki umwambie ni upuuzi. Nilikwambia Randle El aliweka rekodi ya kwotabeki aliyekimbia yadi nyingi. Ile rekodi aliichukua kutoka kwa Dee Dowis wa chuo cha Air Force. Baada yake akaivunja Brad Smith wa Missouri, huyo alipofika NFL New York Jets walimfanya risiva. Akaja Pat White wa West Virginia, Miami walimchukua raundi ya pili 2009 na kwenye ukwotabeki hakudumu. Akaja Denard Robinson wa Michigan, Jacksonville wakamfanya mkimbiaji. Akaja Keenan Reynolds wa Navy, Baltimore wakamchukua kama risiva. Yaani rekodi imepita mkono kwa mkono miaka na miaka, kila anayeishika akifika mlangoni anaambiwa wewe una vipaji vingi, kwaiyo kazi yako tunampa mwingine. Ukisikia mtu anasifiwa kwa wepesi wake sikiliza sentensi inayofuata.

Na kwa vijana weusi hii ni ya zamani zaidi. Marlin Briscoe alicheza ukwotabeki Denver Broncos mwaka 1968, akarusha tachidauni 14 akiwa mgeni kabisa kwenye ligi, na msimu uliofuata hakupewa hata nafasi ya kugombea namba, akaondoka, akaenda Buffalo kujifunza urisiva akiwa mtu mzima, na akaja kuwa mzuri mpaka akawa kwenye kile kikosi cha Miami cha 1972 kisichofungwa hata mechi moja. Warren Moon alichukua Rose Bowl na chuo cha Washington, drafti ya 1978 ikaisha bila jina lake kutajwa. Yeye ukwotabeki hakuuacha, akaona bora aende Kanada, akachukua ubingwa wa kule mara tano mfululizo na Edmonton, ndo NFL wakamwita 1984, na leo yuko kwenye jumba la magwiji. Kwaiyo kijana mweusi akiambiwa hama, hata kama kocha ana nia safi kabisa, hilo neno linabeba watu wengi nyuma yake. Mtoto anaweza asijue majina, ila anausikia uzito wake.

Haya, turudi Pittsburgh. Wale walikua na uzoefu na viraka, walikua na Kordell Stewart, kwotabeki kutoka Colorado ambaye waliwahi kumtumia kila mahali mpaka wakampa jina la Slash, ile alama ya mkwaju, kwamba ni kwotabeki mkwaju risiva mkwaju mkimbiaji. Randle El akakaa anajifunza urisiva, anarudisha mipira inayopigwa mbali, na kwenye kitabu cha mbinu wakaacha kurasa chache kwa ajili ya ule mkono wake.

Februari 5, 2006, Detroit, Ford Field, Super Bowl ya 40, yaani fainali ya NFL, Pittsburgh na Seattle. Robo ya nne, Pittsburgh anaongoza 14 kwa 10, Seattle bado anapumua. Ben Roethlisberger anampa mpira Willie Parker anayekimbilia kushoto, ulinzi wote wa Seattle unahamia huko, Parker anakutana na Randle El anayekuja upande wa pili na kumkabidhi, sasa Randle El anakimbilia kulia, na Roethlisberger mwenyewe anamzuilia mlinzi njiani. Kila mtu anaona risiva anakimbia na mpira. Alafu anainua mkono, anarusha huku miguu inaendelea kukimbia, yadi 43, mpira unamwangukia Hines Ward mikononi bila hata kupunguza mwendo. Tachidauni, 21 kwa 10, na mechi ikaishia hapohapo. Hakuna risiva aliyewahi kurusha tachidauni kwenye Super Bowl kabla yake. Na kitu ambacho wengi hawakisemi, Hines Ward naye alicheza ukwotabeki chuoni Georgia. Kwaiyo ule mpira ulioimaliza Super Bowl ulitoka kwa kwotabeki aliyehamishwa ukaenda kwa kwotabeki aliyehamishwa. Mimi nilikua sebuleni kwa watu, nilisimama nikapiga kelele kwa Kiswahili, mle ndani hamna aliyeelewa ila wote waliona nafurahi.

Kwenye NFL nzima, Pittsburgh, Washington miaka minne, alafu Pittsburgh tena 2010, alirusha mipira 27, ikafika 22, tachidauni 6, na hakuna hata mmoja uliodakwa na adui. Alama yake ya urushaji ilikua 156.1 na ya juu kabisa inayowezekana ni 158.3. Ila nikwambie ukweli, usiende na namba hizo kwa kocha kama ushahidi, zile zilikua mbinu za kudanganya, walinzi wamelala, risiva yuko peke yake. Kurusha mara 27 kwa miaka tisa sio sawa na kurusha mara 30 kwa siku moja watu wakijua unarusha. Zinachoonyesha ni kwamba mkono haukufa, na kichwa hakikusahau. Zaidi ya hapo tungekua tunajidanganya.

Je, alipoteza? Mimi nadhani alinyimwa jaribio, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini maisha mabaya hakupata. Alicheza miaka tisa kwenye ligi ambayo wengi hawamalizi minne, ana pete ya ubingwa. Na wakati nao ukabadilika. Julian Edelman alikua kwotabeki wa Kent State, New England wakamchukua namba 232 mwaka 2009 wakamfanya risiva, na Januari 2015 naye aliwarushia Baltimore tachidauni ya yadi 51, akaja kuwa mchezaji bora wa Super Bowl miaka minne baadaye kama risiva. Upande mwingine, 2018 Lamar Jackson wa Louisville, mwenye Heisman yake mkononi, aliambiwa na mkubwa mmoja wa zamani wa NFL kwamba ahamie urisiva. Akakataa, hata mbio za kupimwa mbele ya maskauti hakukimbia ili wasipate kisingizio, akachukuliwa namba 32, na ameshakua mchezaji bora wa ligi 2019 na 2023. Na 2019 Kyler Murray, mfupi kama Randle El sentimita kwa sentimita, naye alishachaguliwa na timu ya besiboli kama Randle El, akachukuliwa namba moja kabisa, kama kwotabeki. Miaka 17 tu katikati. Urefu ni uleule, macho ya watazamaji ndo yalibadilika, na zile opsheni nilizokua naziona Bloomington kwenye viti vitupu leo kila timu ya NFL inazo.

Kuna jambo jingine kama mzazi lazima nikwambie, sitalificha. Januari 2016 Randle El aliongea na gazeti la Pittsburgh Post-Gazette, alikua na miaka 36, akasema kushuka ngazi kunamsumbua na kumbukumbu zinampotea, na kwamba angerudi nyuma angechagua besiboli. Mtu mwenye pete ya Super Bowl anasema hivyo. Risiva anagongwa hewani akiwa hajiwezi, mrudishaji mipira anagongwa na watu wanaokuja kasi kutoka mbali, na yeye kama kiraka alifanya vyote. Baadaye alirudi kwenye mchezo kama kocha, alikua msaidizi Tampa Bay walipochukua Super Bowl ya 55, alafu kocha wa marisiva Detroit kuanzia 2021, ambapo Amon-Ra St. Brown aliyechukuliwa raundi ya nne amekua mmoja wa bora kabisa kwenye ligi, na 2025 akaenda Chicago Bears, karibu na kwao. Kwaiyo hakuuchukia mpira. Ila maneno ya 2016 yapo, na ukikutana na kocha muulize waziwazi mtoto akigongwa kichwa nani anaamua kama anarudi uwanjani, na uulize kama mpango wake ni kumweka pia kurudisha mipira, maana kiraka huwa anaongezewa kazi kimyakimya.

Sasa kuhusu kuhama kwenyewe. Mimi nisingekataa moja kwa moja, na nisingekubali moja kwa moja. Ningemwuliza kocha, unamhamisha kwa sababu umeona mkono wake hautoshi, au kwa sababu risiva wako ameumia na huna mtu? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama ni mkono, mwambie akuonyeshe, video zipo, kila shule inarekodi, mkae mtazame mipira ishirini mtoto akiwepo na kocha aseme hapa amechelewa, hapa hakumwona mtu. Mtoto wa miaka 16 anaweza kuurekebisha mkono, na nimewaona wakiurekebisha. Kama ni pengo la timu, basi akazibe, acheze, aonekane, kukaa benchi timu ya pili hakumfundishi sana, ila muombe kocha jambo moja, mtoto aendelee kuingia kwenye kikao cha makwotabeki na aendelee kurusha dakika 20 kila siku ya mazoezi. Nilikua na kijana hapa miaka kadhaa iliyopita, kocha mkuu alimhamisha akaahidi mdomo tu kwamba atarudi, mimi nilikua msaidizi na sikubishana vya kutosha, kikao cha makwotabeki akatolewa, na baada ya miezi minne alikua hajui tena majina ya mbinu. Alipohitajika mwaka uliofuata alikua mgeni kwenye nafasi yake mwenyewe. Hilo kosa nimelibeba, na ndo maana nimeandika barua ndefu hivi.

Na kwa mtoto, jioni hii mtafutie video ya Indiana ya 2001, mechi ya Wisconsin kama utaipata, mkae wote wawili. Mwambie asiangalie mbio. Asimamishe pale mpira ukiwa kwenye tumbo la mkimbiaji, kabla haujachomolewa, akuonyeshe kwa kidole ni mlinzi gani Randle El anamtazama. Akikuonyesha sawa mara tano mfululizo, mpigie kocha kesho na umwambie hivyo.